Pingili

Sefu Mwinyimvua, fundi baiskeli wa Vingunguti,
aliyatazama magoti yangu, akaitazama Foniksi ya mama,
akasema: Tawi lile hulimalizi kwa siku moja.
Ulile kama muwa, pingili kwa pingili,
na uanzie nchani, kusiko na sukari,
shina likungoje mbele.

Jumapili ya kwanza, nyuma ya machinjio.
Tuta limebanwa na mabanda ya mabati,
mataruma yaling'olewa zamani, yamebaki makovu,
shimo na shimo na shimo,
na baiskeli inayasoma yote kwa sauti:
ta-ru-ma, ta-ru-ma, ta-ru-ma,
hadi meno yangu yakajifunza.
Reli zenyewe nilizikuta zimepata kazi nyingine.
Moja ni kizingiti cha genge la nyanya.
Moja imesimama wima, imebeba antena.
Kipande cha dhiraa moja kinaning'inia kwenye mkorosho wa shule;
kesho mwanafunzi wa zamu atakigonga kwa boliti.
Chuma hicho hakijaacha kuita watu,
kimebadili abiria tu.

Jioni nikampelekea mama taarifa.
Hakuuliza kama nimechoka.
Kalvati la pili, akasema, bado linaimba maji yakipita?
Nikamwambia limejaa chupa za plastiki.
Akachomoa sindano pajani, akaifunika,
akageukia ukuta.
Muwa amekatazwa hospitalini tangu mwaka juzi.

Jumapili ya pili sikula kitu.
Tairi la nyuma lilipasuka kabla ya Gongo la Mboto
na vijana wa bodaboda wakanipigia kelele:
Dada, treni imekuacha!
Imeniacha kweli. Nilikuwa darasa la sita.

Ya tatu, baada ya Pugu, ardhi inaanza kupumua.
Tuta linajikunja taratibu kwa sababu treni haikujua kona kali,
na mimi nakunjika nalo, sikanyagi hata pedali,
mihogo kulia, mikorosho kushoto,
kokoto za zamani zikiruka chini ya gurudumu
kama bisi.
Kwenye kituo kisicho na jina wala paa
mwanamke ameanika makopa juu ya platfomu.
Yanakauka hapa kuliko juu ya bati, anasema,
Mungu awarehemu walioimwaga saruji hii.
Akanipa maji. Hakuniuliza naenda wapi.
Njia hii haina tena mahali pa kwenda, anajua.

Ya nne, geti namba tisa.
Miaka kumi na saba mama alilishusha boma lile la chuma,
alifunga barabara kwa mkono mmoja
mkono wa pili ukikoroga uji wangu,
bendera ya kijani kwapani, nyekundu kiunoni,
na hata gari la mkuu wa wilaya lilizima injini likangoja.
Leo imebaki nguzo, kwenye nguzo kuna kamba,
kwenye kamba kuna mbuzi.

Nilifunga breki.
Sikuambiwa na mtu.
Nikashuka, nikatazama kushoto, nikatazama kulia,
nyenje wakikata ukimya kwa msumeno,
nikaiacha ipite ile isiyokuja,
injini, tangi la maji, mabehewa ishirini na mawili
kama alivyokuwa akiyahesabu kwa kidole hewani,
vumbi lake likanikosa,
mbuzi akaniangalia kama mwendawazimu.
Ndipo nikavuka.

Zimebaki pingili mbili kufika Machimboni.
Sefu anasema ndiko liliko shina,
nisubiri mvua za vuli zipite kwanza.
Labda. Magoti yangu yana maoni yao.

Usiku ule mama hakuuliza kalvati, hakuuliza kituo.
Ulisimama?
Nilisimama.
Muda gani?
Mpaka behewa la mwisho, mama.

Akameza mate, polepole,
kama mtu aliyeonja.